Nyama Isiyochinjwa

Katika karne ya 13, zama za utawala wa Song huko China, mwandishi aitwaye Lin Hong alikusanya mapishi ya watu wa milimani katika kitabu kidogo kiitwacho Shanjia Qinggong. Humo mna pishi moja alilolipa jina la nyama bandia ya kukaanga. Mpishi huchukua mumunye na gluteni, yaani ule mnato unaobaki baada ya donge la unga wa ngano kuoshwa hadi wanga ukatoka wote. Huvikata vipande vyembamba, huvikoleza, na hukaanga kila kimoja peke yake. Mwisho huvikutanisha katika kikaango kimoja pamoja na majani ya kitunguu, viungo na pombe kidogo. Lin Hong anasifu kwamba vyote viwili hufanana na nyama kwa sura, na hata ulimi hupata taabu kuvitofautisha nayo.

Ndani ya pishi hilo mna jambo la kutazamwa kwa makini. Gluteni hukaangwa kwa mafuta ya kawaida, lakini mumunye hukaangwa kwa mafuta ya mnyama. Basi aliyelipika hakuwa akiikwepa nyama. Mafuta yake alikuwa nayo jikoni, na Lin Hong anasimulia kuwa chakula hicho kiliwahi kuandaliwa na mwenyeji wa jamaa ya wakubwa kwa ajili ya wageni wake. Nyama wangeweza kuipata. Walikula mumunye na ngano kwa sababu waliona raha ya mkono wa mpishi uliovigeuza.

Siku hizi chakula cha kuiga nyama huzungumzwa kana kwamba ni adhabu. Huliwa na aliyekatazwa na daktari, au aliyefunga, au ambaye mwezi umemkalia vibaya. Akikionja, swali la kwanza ni moja: je, kimefanana? Kikikosa kufanana, husukumwa kando. Mimi nakipenda chakula hiki, na naamini swali hilo limekinyima haki yake. Hakuna anayemlaumu mchonga vinyago wa Kimakonde kwa sababu mzee aliyemchonga kwenye mpingo hapumui. Tunatazama alivyouelewa mti. Mpishi wa nyama isiyochinjwa naye anastahili kutazamwa hivyo: ameielewaje ngano, ameielewaje soya, na amevifanya vitoe nini ambacho visingekitoa vyenyewe.

Ustadi huu ulikulia kwenye mahekalu ya Kibudha. Mwanzoni mwa karne ya 6, Mfalme Wu wa Liang, aliyetawala kusini mwa China kuanzia mwaka 502 hadi 549, aliwakataza watawa nyama na pombe. Hekalu lakini halikuwa pango la watu waliojitenga na dunia. Lilipokea mahujaji, wafadhili, maofisa na familia zilizokuja kuwaombea wazazi wao waliofariki. Wageni hao walizoea karamu yenye mpangilio wake: hapa kuku, hapa bata, hapa samaki mzima, kila sahani na nafasi yake mezani. Wapishi wa mahekalu walitaka kuwakirimu bila kuvunja mwiko wa nyumba, na ndipo kazi ya kutafuta kuku ndani ya maharage ilipoanza. Kufikia zama za Wasong ufundi huo ulikuwa umetoka hekaluni na kuingia mitaani. Wu Zimu, aliyeandika habari za jiji la Hangzhou katika karne ya 13, anataja maduka ya chakula yasiyouza nyama, yenye orodha ndefu ya sahani za kuiga. Huko Shanghai, mkahawa wa Gongdelin ulioanzishwa mwaka 1922 umeendeleza kazi hiyohiyo hadi zama zetu.

Tuanze na ngano, kwa sababu kila jiko la Afrika Mashariki lina unga wake.

Unga hukandwa kwa maji na chumvi kidogo hadi donge liwe gumu na laini, gumu kuliko la chapati. Huachwa lipumzike kwa saa moja hivi. Kisha hutiwa kwenye beseni la maji na kuanza kukamuliwa na kufinyangwa humohumo majini. Maji hugeuka meupe mara moja, kwa kuwa wanga unatoka. Huondolewa, hutiwa mengine, na kazi huendelea. Katikati ya safari donge huonekana limeharibika. Limekatikakatika, lina mashimo, na mtu asiyejua hudhani amepoteza unga wake. Anayejua huvipapasa vipande vile chini ya maji, huvikusanya, huvibana tena. Maji yanapokaribia kuwa safi, mkononi hubaki kitu cha rangi ya kijivu chenye mvuto wa ajabu: ukikivuta kinarefuka, ukikiachia kinarudi. Kilo moja ya unga wenye nguvu huacha takriban gramu 300 za gluteni mbichi.

Kinachotokea humo ni kazi ya protini mbili za ngano. Glutenini huleta ukakamavu, na gliadini huleta ulegevu wa kuvutika. Zikikutana na maji na kukandwa, hushikana na kuwa wavu. Wanga hukaa ndani ya wavu huo bila kufungwa, ndiyo maana maji huweza kuubeba ukaenda zake na wavu ukabaki. Shen Kuo, mwanazuoni wa China aliyeishi kati ya mwaka 1031 na 1095, alipotaka kueleza jinsi chuma cha pua kinavyopatikana ndani ya chuma cha kawaida, alitumia mfano wa gluteni inayojitokeza unga laini unapooshwa ukaisha. Wasomaji wake bila shaka waliijua kazi hiyo, la sivyo mfano usingewafaa. Ulaya ilichelewa. Jacopo Bartolomeo Beccari wa Bologna aliyaeleza majaribio yake ya kuosha unga mwaka 1728, na kilichomshangaza ni kwamba sehemu iliyobaki ilikuwa na tabia za vitu vitokanavyo na wanyama. Wapishi wa mahekalu walikuwa wamekwisha kuipika kwa mamia ya miaka.

Hata yale maji meupe hayamwagwi. Huko Xi'an huachwa yatulie, wanga ukazama chini, kisha hutandazwa kwenye sinia na kupikwa kwa mvuke hadi yawe utando laini unaokatwa tambi. Tambi hizo, liangpi, huliwa baridi kwa siki na pilipili, na juu yake huwekwa vipande vya gluteni iliyotoka kwenye donge lilelile. Wanga na protini vilitenganishwa kwa maji, vikapikwa kila kimoja kwa namna yake, vikarudishwa pamoja bakulini.

Donge la gluteni lina njia nyingi mbele yake. Likichemshwa huwa gumu na la kutafunika. Likiachwa liumuke kwa hamira kisha likapikwa kwa mvuke, hujaa vitundu na kuitwa kaofu. Likikatwa vidonge vidogo na kutumbukizwa katika mafuta ya moto, hufura hadi kuwa mipira ya dhahabu iliyo mitupu ndani. Mji wa Wuxi una sifa kubwa kwa mipira hiyo, na wenyeji wake wengi huitoboa na kuijaza nyama ya kusaga kabla ya kuitia kwenye mchuzi. Hapo tena, kama kwenye kikaango cha Lin Hong, nyama na kinachoitwa mbadala wake vinalala katika chungu kimoja, na hakuna anayekiona kimoja kuwa ni aibu ya kingine. Gluteni imeitwa kwa kazi ambayo nyama haiiwezi: kuwa ganda jepesi linalofyonza mchuzi na kuushika.

Kaofu ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Huko Shanghai huwa sahani ya baridi ya kufungulia mlo, hasa wakati wa mwaka mpya. Huchanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa kisu, ili kila kipande kiwe na kingo zenye matundu na mikwaruzo ya kushika mchuzi. Huchemshwa kidogo na kukamuliwa ili harufu ya unga itoke, hukaangwa hadi kingo zikauke, kisha hupikwa polepole katika sosi ya soya, sukari, anisi ya nyota na maji yaliyolowekea uyoga mkavu. Huongezwa karanga, uyoga wa shiitake, uyoga mweusi unaoota kwenye magogo, na vitumba vikavu vya maua. Moto ukizimwa hudondoshewa mafuta ya ufuta, na sahani huachwa ipoe, ikiwezekana hadi kesho yake. Ukikitafuna kipande kimoja, kwanza meno hukutana na ukinzani, halafu mchuzi hububujika, mtamu na mzito. Ng'ombe hana kiungo chenye umbile hilo. Anayeila kaofu huku akitafuta ladha ya ng'ombe anakosa kilichomo mdomoni mwake.

Ladha ya gluteni nayo ina historia yake. Mwaka 1866 mkemia wa Kijerumani Karl Heinrich Ritthausen alipata asidi ya glutamiki kutoka kwenye gluteni ya ngano. Mwaka 1908, Ikeda Kikunae wa Tokyo alitambua kuwa asidi hiyohiyo ndiyo inayoupa mchuzi wa mwani wa kombu ile ladha nzito ya supu, ladha ambayo watu wengi huihusisha na nyama. Mwaka uliofuata kampuni ya Ajinomoto ilianza kuiuza kama kiungo, na kwa miaka mingi iliitengeneza kwa kuivunjavunja gluteni ya ngano. Ngano ilikuwa na mali hiyo ndani yake tangu mwanzo. Mpishi anayeipika gluteni katika sosi ya soya, ambayo nayo hutengenezwa kwa soya na ngano zilizochachushwa, anaijalia ngano ladha ambayo kwa asili si ngeni kwake.

Soya huendewa kwa njia nyingine, na hapa mpishi wa pwani yetu hatajiona mgeni. Punje hulowekwa usiku kucha, husagwa kwa maji, na huchujwa likapatikana tui, machicha yakabaki kitambaani. Tui hilo huchemshwa vizuri, kwa maana soya mbichi huleta shida tumboni. Likitiwa jasi iliyosagwa, au yale maji machungu yanayobaki chumvi ya bahari inapoganda, hugawanyika kuwa mabonge na maji. Mabonge hukusanywa, hubanwa chini ya uzito, na hapo tofu imepatikana. Tangu mwanzo wa habari zake tofu imesimama karibu na nyama. Maandishi yanayohusishwa na Tao Gu, aliyefariki mwaka 970, yanasimulia habari za naibu hakimu wa Qingyang ambaye hakununua nyama ila vipande vya tofu kila siku, hata wenyeji wakaipa tofu jina la utani la kuilinganisha na kondoo.

Kwa ufundi wa kuiga lakini, hazina kubwa iko kwenye utando. Tui la soya likipashwa katika sufuria pana bila kufika kwenye mchemko mkali, juu yake hutanda ngozi nyembamba. Fundi huipitishia kijiti chini yake, huinyanyua nzima, huitundika ikachuruzika, na hungoja nyingine. Ngozi za mwanzo huwa nyeupe na laini. Za baadaye huwa nene, zenye rangi ya kuiva na utamu zaidi. Kazi hii haiharakishwi. Moto ukizidi, utando hupasuka. Ukipungua, haujitengenezi.

Kwa karatasi hizo mpishi hutengeneza bata. Huloweka uyoga, huukatakata na kuukaanga na karoti na vichipukizi vya mianzi. Maji ya uyoga huchanganywa na sosi ya soya na sukari. Kila ngozi ya soya hupakwa mchanganyiko huo, ikawekwa nyingine juu yake, nayo ikapakwa, kisha uyoga hutandazwa katikati na furushi zima hukunjwa bapa. Hupikwa kwa mvuke ili tabaka zishikane, halafu hukaangwa pande zote mbili hadi nje iwe ya hudhurungi na yenye kuvunjika. Likikatwa, tabaka huonekana zimelaliana, nje kavu na ndani laini yenye unyevu. Kuku hupatikana kwa njia ya jirani: karatasi nene za soya hulainishwa kwa maji ya magadi, huviringishwa kwa nguvu, hufungwa kwa kitambaa na kamba, na kuchemshwa mpaka ziungane kuwa gogo moja. Ubora wake hutegemea mkono uliofunga. Ukilegeza, gogo huachana kisu kinapopita. Ukikaza sawasawa, kipande hubaki kizima na bado meno huzihisi tabaka.

Wajapani waliupokea urithi huu pamoja na dini na wakaunyoosha kwa namna yao. Watawa wa Mlima Koya wanasifiwa kwa tofu inayogandishwa kwa baridi kisha ikakaushwa. Chembe za barafu huitoboa, na ikilowekwa tena hunywa mchuzi kwa namna ambayo tofu mbichi haiwezi. Mwaka 1782 kilichapishwa Osaka kitabu cha mapishi 100 ya tofu, Tofu Hyakuchin, na watu walikipenda sana. Kuna pia samaki mkunga wa hekaluni: tofu iliyokamuliwa husagwa na kiazi kikuu cha mlimani, hutandazwa juu ya karatasi ya mwani inayochukua nafasi ya ngozi, huchorwa mistari kwa kisu kufuata mnofu wa samaki, hukaangwa na kupakwa sosi tamu ya kung'aa. Halafu kuna ganmodoki, kababu ya tofu na mboga iliyokaangwa, ambayo jina lake bado linaifananisha na bata bukini. Leo huchemshwa kwenye michuzi ya majira ya baridi, na familia huila bila kumkumbuka bata yeyote. Imejitegemea, na hiyo naiona kuwa heshima ya juu kabisa ambayo chakula cha kuiga kinaweza kuifikia.

Huku kwetu chakula cha namna hii kilikuja kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, aliyelelewa katika Kanisa la Waadventista Wasabato, alitengeneza nyama ya karanga kwa wagonjwa wake, na baadaye Protose, mchanganyiko wa karanga na gluteni. Kanisa hilo lina waumini wengi Kenya na Tanzania, na mafundisho yake juu ya afya yameifikisha mezani soya katika nyumba nyingi. Kisha vikaja vile vipande vikavu vya soya vinavyouzwa kwenye pakiti Nairobi na Dar es Salaam. Hivyo hutokana na unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta, ukasukumwa ndani ya mashine kwa joto na shinikizo. Unapotokea upande wa pili, maji yaliyomo hugeuka mvuke ghafla na kuufumua, ukabaki na nyuzi na vitundu. Karibu nusu ya uzito wake ni protini.

Wengi wanavidharau vipande hivi, na sababu ni mapishi. Hutupwa vikavu kwenye mchuzi mwepesi, vikanywa maji yasiyo na ladha, kisha soya ikalaumiwa. Vinataka kuchemshwa kwanza kwa maji ya chumvi, kuoshwa kwa maji baridi na kukamuliwa kwa nguvu zote mpaka maji ya harufu yatoke. Kisha vipakwe tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na binzari, vikae, halafu vikaangwe hadi kingo zikauke. Hapo ndipo viingie kwenye rojo la nyanya na tui zito la nazi. Kipande kilichokamuliwa vizuri kina njaa ya mchuzi, na sisi watu wa michuzi tunajua thamani ya kitu kinachoubeba mchuzi hadi mdomoni bila kuumwaga njiani.

Kutokana na haya yote natoa vipimo vyangu. Chakula cha kuiga kilicho bora kina umbile linalobadilika kinywani, nje tofauti na ndani. Kimepewa muda wa kufyonza ladha. Kimepikwa na mtu anayeijua malighafi yake, si anayeiona haya. Tena hujitangaza wazi kuwa ni ngano au soya, kwa sababu mgeni ana haki ya kujua anachokila, hasa ambaye mwili wake haupatani na gluteni au soya. Kikitimiza hayo, kufanana kwake na nyama ni pambo tu. Chema chajiuza.

Nami nakuomba, msomaji, ukiwa na siku ya nafasi, nunua kilo moja ya unga wa ngano wa mkate, ule wenye nguvu, uukande na uuoshe katika beseni la maji mpaka wavu wake uushike mwenyewe kwa vidole. Uchemshe, uuchane kwa mkono, uukaange, uupike katika rojo unalolipenda, na uwaandalie watu wako kwa jina lake halisi, hata kama siku hiyo nyama imo kwenye friji.